Sahani ya Jirani

Bi Taratibu hakupenda kula na watu anaowashuku, lakini jioni ile hakuwa na hiari. Kesho yake asubuhi mpishi wa mchuzi wa mkahawa mmoja angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na kosa hilo malipo yake ni kitanzi. Bosi wa kituo alikwishatia saini. Inspekta huyu, ambaye wenzake walimpachika jina la Bi Taratibu kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia hata mvua, alikuwa ameomba jambo moja tu kabla jalada halijafungwa: mlo ule ule wa usiku wa kifo urudiwe, kwa watu wale wale, kwenye viti vile vile. Bosi alicheka mpaka akakohoa.

"Nenda ukale," alimwambia. "Ukishashiba, niletee mtu wangu mahakamani."

Mkahawa wenyewe ulikuwa ndani ya nyumba ya zamani isiyo na kibao mlangoni. Ndani mlikuwa na kaunta moja ndefu ya mbao nyeusi. Upande mmoja wameketi wageni kwa mstari, upande wa pili jiko, hivyo anayepika na anayekula hutazamana uso kwa uso. Hakuna viti viwili vilivyofanana. Kimoja cha kubembea, kimoja cha shuleni, kimoja cha kinyozi chenye pa kuegemeza kichwa. Hakuna pa kusoma vyakula vya siku hiyo wala cha kuagiza. Mgeni huletewa tonge moja baada ya lingine, vyakula kumi na viwili, na hula anachopewa bila kuuliza. Watu walikuwa wakingoja miezi kadhaa kupata nafasi. Tangu daktari wa meno afie pale, waliotaka nafasi wameongezeka mara dufu. Binadamu ndivyo tulivyo.

Daktari wa meno alifia kwenye kiti cha kinyozi. Sasa kilikaliwa na Sajini, mzee wa tumbo kubwa na kichwa kisicho na unywele, aliyekuwa anahesabu siku za kustaafu.

"Kama ni kunyolewa, hapa nilishanyolewa," alinong'ona, akijiweka sawa. Kisha akatazama tonge la kwanza, karoti moja nyembamba iliyosimamishwa kwenye makombo meusi ya mkate kama imepandwa udongoni. "Afande, hii ni chakula au ni mche?"

"Kula, Sajini."

"Nimeshaila. Nangoja chakula."

Bi Taratibu alikuwa kushotoni kwake, kwenye kiti cha kubembea, ambacho usiku wa kifo alikalia mke wa marehemu. Mjane huyo ndiye peke yake aliyekataa kurudi, na hakuna aliyemlaumu. Sahani iliyomuua mumewe aliipitisha yeye kwa mikono yake miwili.

Kushotoni kwa inspekta, kwenye kiti cha shuleni, aliketi dada mkubwa wa mwenye mkahawa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliyezoea kula pale kila Ijumaa bila kuulizwa. Nyumba ile aliiacha baba yao, na aliiacha kwa jina la binti. Kushotoni kwa dada mkubwa alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu, na wengine wakaendelea mpaka ukutani. Hawakuwa wachangamfu. Kila kijiko kilipoingia mdomoni, wenzake walimtazama mlaji wakingoja kuona kama atameza na kuendelea.

Mwenye mkahawa alisimama ng'ambo ya kaunta, jasho likimtiririka. Alikuwa mtu wa mizaha. Alitundika vijiko kwa nyuzi kutoka darini, aliwapa wageni supu kwenye vikombe vilivyopinduliwa, na alifurahi kuwaona wakihangaika. Leo mizaha haikumtoka. Mkewe ndiye aliyekuwa anahangaika na wageni, akipita nyuma ya viti kwa hatua za paka, akijaza maji, akiinama kwenye bega la huyu na yule. Wageni walimwita Bi Karibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa halimbanduki mdomoni. Mpishi wa mchuzi aliyekuwa rumande alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Bi Taratibu alitafuna polepole na kuyapanga aliyonayo. Kesi ya bosi ilikuwa nyepesi kueleweka, na kwa sababu hiyo alikuwa haiamini. Miezi michache kabla, daktari yule alimng'oa mpishi jino zima na kumwachia bovu. Mpishi aliapa mbele ya watu kwamba daktari atajuta. Daktari akaja kula, akafa kabla ya chakula cha nane. Mkemia akakuta sumu kwenye sahani ya chakula cha saba, ndani ya uyoga na mchuzi. Mchuzi ni kazi ya mpishi. Alipoulizwa ni nani aliyezipanga sahani za chakula cha saba, mpishi alijibu kwamba ni yeye, peke yake, na baada ya hapo hakufungua tena mdomo.

Kilichomsumbua inspekta ni huko kunyamaza. Mtu mwenye hasira ya jino husema sana. Huyu alikuwa ameketi rumande akitazama vidole vyake, na alipoambiwa habari za kitanzi aliuliza tu kama dada yake anakula vizuri.

Alipoletewa chakula cha tano, yai ambalo halikuwa yai, inspekta alimwinamia mwenye mkahawa, kaunta ikiwa katikati, na kumwomba amweleze upya jinsi chakula cha saba kinavyoandaliwa. Mwenye mkahawa akaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa. Taa huzimwa zote. Gizani sahani zenye vifuniko hupangwa mbele ya wageni, aliyepanga akizipapasa nafasi kwa vifundo vya shaba vilivyopigiliwa chini ya ukingo wa kaunta. Mgeni haruhusiwi kula iliyo mbele yake. Huipitisha kwa jirani wa kuliani, naye hupokea ya jirani wa kushotoni. Ya mgeni wa mwisho huzungushwa mpaka kwa wa kwanza. Wenyewe wanaiita sahani ya jirani, na ilikuwa fahari ya nyumba.

"Na wewe usiku ule ulikuwa wapi?"

"Natembea nyuma ya wageni nikiwapigia hadithi. Ndiyo desturi. Waulize, sauti yangu haikukatika."

Aliwauliza wiki iliyopita, na kweli haikukatika.

"Mkeo?"

"Yeye huzima taa, halafu hukaa nyuma ya pazia la mlangoni mpaka ziwashwe. Leo shemeji yangu hayupo, kwa hiyo nitapanga mwenyewe." Alimeza mate. "Afande, yule kijana nimekaa naye jiko moja tangu siku tulipofungua. Hawezi."

"Watu wote walioua, afande, kuna mtu alisema hawawezi," alidakia Sajini, akitafuta kama yai limeacha chochote kwenye kikombe.

Chakula cha sita kiliondolewa. Mazungumzo machache yaliyokuwapo yakakoma. Bi Karibu alitembea hadi mlangoni, akawatazama wote kwa mstari, na taa zikazimika.

Giza la chumba kile lilikuwa zito, halina hata ufa wa mwanga. Mtu alikohoa. Mwenye mkahawa alianza hadithi yake ya msafiri aliyegongea nyumba saba. Mbele yao sahani ziligusa mbao, moja baada ya nyingine. Bi Taratibu alisikia yake ikitua. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Mikono iliyomtangulia kwenye kiti kile iliichukua sahani hivi hivi, kwa upendo, na kuikabidhi mauti.

"Pitisheni," alisema mwenye mkahawa.

Alimpa Sajini ya kwake. Kutoka kushotoni dada mkubwa alimsogezea nyingine, vidole vyake vikiwa baridi. Vifuniko vikaondolewa, harufu ya mchuzi wa pilipili manga ikajaa gizani. Hakuna aliyekula. Taa zikawashwa baada ya muda mrefu kuliko kawaida, na kila mtu akajikuta akitazama sahani yake kana kwamba itamuuma.

Sahani ya inspekta ilikuwa na vipande viwili vya nyama ya ng'ombe, laini, vimelala kwenye mchuzi mweusi. Ya Sajini hali kadhalika. Mwalimu wa hesabu, nyama. Alinyoosha shingo akatazama mpaka ukutani, nyama tupu. Lakini kwenye sahani ya dada mkubwa mlikuwa na uyoga.

Bi Taratibu aliweka kijiko chini.

"Dada, wewe mbona una uyoga?"

"Mimi nyama siigusi," alijibu dada mkubwa. "Wanajua. Kila Ijumaa mimi hupikiwa sahani yangu peke yangu. Leo angalau wamekumbuka. Usiku ule walinipa nyama, nikaiacha pale pale. Nilitaka kugomba, ndipo daktari akaanguka, ikawa si wakati wake."

Alisema hivyo kama mtu anayelalamikia chumvi, kisha akatia uyoga mdomoni. Inspekta alimtazama akitafuna. Dada mkubwa akameza, akapangusa midomo, akaendelea kula.

Haya yote hayakuwa kwenye jalada, na aibu ilikuwa ya polisi wenyewe. Mkemia aliandika uyoga na mchuzi, nao wakadhani wote walikula uyoga. Sahani nyingine zilikwishaoshwa. Hakuna aliyeuliza jirani alikula nini, kwa sababu hapa wageni hawaulizi, na askari nao waliambukizwa.

Kumbe daktari wa meno alikufa kwa sahani ya dada mkubwa.

Alifumba macho akaona kaunta upya. Ili uyoga umfikie dada mkubwa, sharti uwekwe mbele ya mwalimu, aliye kushotoni kwake, naye aupitishe kulia. Ndivyo ulivyofika leo. Usiku ule uliwekwa mbele ya mke wa daktari, aliyekuwa kuliani kwa dada mkubwa, naye kwa utiifu akaupitisha kuliani, kwa mumewe. Aliyepanga alikosea upande. Na asingekosea mtu anayesimama jikoni kila siku. Yeye ameshazoea kwamba kulia kwa mgeni ni kushoto kwake. Angekosea mtu ambaye siku zote husimama nyuma ya wageni, akitazama wanakotazama, kulia kwao kukiwa kulia kwake. Mpeleke mtu huyo ng'ambo ya kaunta kwa mara ya kwanza, gizani, na haraka juu yake, ataipanga sahani kwa kufuata mkono wake mwenyewe.

"Shemeji yako," alimuuliza mwenye mkahawa, akijitahidi sauti ibaki ya kawaida, "amewahi kukosea sahani ya dada yako?"

"Yule? Afadhali asahau jina lake."

Wakati huo Bi Karibu alikuwa amewasili nyuma yao na chakula cha nane, mchuzi mwepesi wa nyanya kwenye vikombe vidogo vya udongo. Alimpa mwalimu. Akainama kwa dada mkubwa.

"Karibu, wifi. Hiki nimekutengenezea mwenyewe, hakina mafuta."

Dada mkubwa alinyoosha mkono. Kiwiko cha Bi Taratibu kilipita juu ya kaunta, na kikombe kikaenda chini kikapasuka vipande. Inspekta aliomba radhi sana, akajiita mzembe. Bi Karibu alikwishainama na kitambaa. Inspekta akakikanyaga kile kitambaa kwa kisigino, polepole.

"Acha, mama. Usipanguse."

"Hakuna neno. Nitamletea kingine."

"Usimletee."

Uso wa Bi Karibu ulibaki wa ukarimu ule ule, isipokuwa mkono uliokuwa bado umeshika ncha ya kitambaa. Ule haukutaka kuachia.

Bi Taratibu alimnong'oneza Sajini maneno machache. Kituo hakikuwa mbali, na huko alikuwapo mtu wa kuletwa kwa mlango wa uani. Sajini, ambaye kwa mara ya kwanza jioni ile alikuwa amepata nyama, aliitupia jicho la huzuni, akainuka na kwenda. Kisha inspekta akamwambia askari aliyekuwa mlangoni akilinde kile kilichomwagika, na akamwomba Bi Karibu amwonyeshe stoo.

Stoo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya jiko, magunia ya viazi huku na mitungi ya siki kule, na mlango wa kutokea uani. Inspekta aliuegesha bila kuufunga, akaketi juu ya gunia. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za kazi, akajibiwa kwamba ni ya kuchosha. Aliuliza habari za nyumba, na hapo majibu yakafupika. Ndiyo, wifi yake alikuwa amesema mwisho wa mwaka anaitaka nyumba yake, watoto wake wahamie. Ndiyo, mumewe alikubali bila hata kubisha, kwa sababu dada ndiye aliyemlea. Ndiyo, ukuta ule wa jiko aliupaka rangi kwa mikono yake akiwa na mimba, mimba yenyewe ikatoka.

"Mwenye nyumba akija kula, mimi ndiye ninayemwambia karibu," alisema. "Kila Ijumaa. Unajua ladha yake?"

"Siijui," alisema Bi Taratibu, na alimwonea huruma kwa kweli. "Lakini daktari wa meno naye hakuijua."

Uani mlisikika lango likifunguliwa, na viatu. Inspekta alikohoa ili kuvifunika.

Akamweleza alichokiona kuhusu uyoga na upande. Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Bi Karibu alisikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu kidogo.

"Maneno mazuri. Ila mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Na mwenye kuzipanga amekwishasema."

"Amesema ni yeye, peke yake. Kesho asubuhi anasomewa mashtaka. Adhabu ya kosa lenyewe unaijua." Inspekta aliinama mbele. "Sina shahidi, mama. Nina uyoga tu, na mchuzi uliomwagika ambao mkemia bado hajaupima. Wakili yeyote atasema mpishi alichanganya sahani kwa hasira, na hakimu atamwamini. Mwenye uwezo wa kumtoa yule kijana ni wewe. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Nani alizipanga?"

Bi Karibu alitazama rafu, mitungi, mikono yake. Mtu angeweza kumwona akipima, huku mdogo wake, huku jiko lake. Mara moja midomo ilifunguka, na Bi Taratibu akadhani sasa. Lakini ilifumba tena, na ilipofunguka mara ya pili sauti ilikuwa tulivu, ile ile ya kukaribisha wageni.

"Kama amesema ni yeye, basi ni yeye. Siwezi kumbishia mtu maneno yake mwenyewe."

Inspekta alinyoosha mkono, akausukuma mlango wa uani.

Mpishi wa mchuzi alikuwa amesimama kizingitini na pingu mikononi, Sajini nyuma yake. Alikuwa amekonda. Shavu la upande wa jino bovu lilikuwa limevimba. Hakumtazama inspekta hata kidogo.

"Nilimwona daktari amekaa pale, hasira zikanipanda," alisema, na alikuwa akimwambia dada yake. "Ukaniambia toka nje upunge upepo, mdogo wangu, leo nitakupangia mimi. Nikafurahi. Nikasema dada yangu ananijua."

"Nyamaza," alisema Bi Karibu.

"Niliporudi mtu alikuwa chini, na wewe ulikuwa unaosha mikono."

"Nimekulea mimi. Mama alipokufa nilikubeba mgongoni, wewe huyo."

"Ndiyo." Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa imefungwa. "Ndiyo maana nilinyamaza. Ningenyamaza mpaka mwisho, dada. Nilikuwa nangoja tu nisikie utasemaje ukiulizwa."



Bi Taratibu aliinuka kwenye gunia. Alichukua ufunguo kwa Sajini, akamfungua mpishi pingu, akamgeukia dada yake na kumfunga hizo hizo, kwa sababu hakuwa amekuja na nyingine. Chuma kilikuwa bado na joto la mikono ya mdogo wake.